Watu wa Visogo

Wageni wanaponiuliza kwa nini watu wa vitabu vyangu hawana nyuso, huwajibu kwamba ndio mtindo wangu. Hutikisa vichwa kwa heshima, wakidhani nimesomea mahali. Sikusomea popote. Mtindo huo aliubuni dada yangu alipokuwa na miaka tisa, kwa kumwogopa bibi.

Tulikuwa tukikaa Mji Mkongwe, ghorofa ya pili, katika nyumba ya ngazi nyembamba ambazo mtu mnene huzipanda kwa ubavu. Bibi, mama yake mama yetu, alipika kwa mkaa, na vipande vilivyobaki ndivyo vilivyokuwa penseli zetu. Ukuta wa nyuma ya mlango wa jiko ulikuwa daftari. Mlango ule ulikaa wazi mchana kutwa, basi nani atajua? Mpaka siku bibi alipoufunga kutafuta ufagio, akakuta watu saba wanamkodolea macho, wengine wana meno.

"Audhubillahi! Nani kanijazia watu jikoni?"

Tulijificha uvunguni, mimi na dada, kila mmoja akimsukuma mwenzake mbele. Bibi alituvuta kwa miguu. "Siku ya Kiyama mtaambiwa, haya, vitieni roho hivi mlivyoviumba. Mtatia?" Hatukujua roho inatiwaje. Tulipewa ndoo na tambara, tukawafuta wote saba, na mimi nikalia kwa sababu mmoja wao alikuwa mzuri kweli.

Siku ya pili yake dada alinivuta tena nyuma ya mlango. Alikuwa amemchora mwanamke aliyetugeuzia kisogo, ushungi umemshuka mpaka kiunoni, mikono ameikutanisha nyuma. "Huyu hana uso," alisema. "Hana macho, hana pua. Hatuna dhambi." Nilimwona dada yangu ana akili kuliko kadhi.

Bibi alikuja, akasimama, akatazama kwa muda mrefu. Tukaanza kupima umbali wa kufika mlangoni. Badala ya kugomba, akauliza, "Huyu kagombana na nani?"

"Hajagombana, bibi. Ana huzuni."

"Mwenye huzuni hasimami hivyo. Mabega hushuka."

Akaokota kipande cha mkaa, akapiga mistari miwili tu, na mabega yakashuka. Mimi, mtoto wa miaka saba, niliihisi huzuni ya yule mwanamke. Bibi akautupa mkaa upesi, akajifuta mkono kwenye kanga, akasema, "Msimwambie mtu." Hatukumwambia. Leo ndiyo mara ya kwanza kulisema hili, naye yuko mbele ya haki, na ninaamini atanisamehe kama alivyozoea kunisamehe mengi.

Tangu siku hiyo ukawa mchezo wetu. Dada anachora kisogo, mimi nabahatisha: hasira, njaa, aibu, usingizi. Kwa vidole vya miguu tu aliweza kukuonesha mtu anayesema uongo. Mimi nilikuwa mchoraji mbaya na mbahatishaji hodari. Jikoni kulikuwa na moshi na harufu ya vitunguu, bibi anajifanya hatuoni, na mara moja moja anapita na kusema bila kugeuka, "Huyo ana wivu, siyo njaa." Nimeshakula vitamu vingi duniani, lakini sijapata tena utamu wa mchana ule.

Tulipokua, dada aliolewa, na mimi nikaanza kuchora kwa ajili ya tumbo. Nilichora twiga wekundu nikawauzia watalii vichochoroni, na sijawahi kumwona twiga hata mmoja. Mume wa dada alikuwa akifanya kazi hotelini Kendwa na kuja nyumbani kila baada ya wiki mbili, kwa hiyo dada hakuhama. Alibaki pale pale juu pamoja nami na mama, akazaa mtoto wa kike. Bibi alikuwa ameshafariki. Tukawa wanawake wanne ndani ya nyumba, na jozi nne za viatu kizingitini.

Hivyo viatu lazima nivieleze. Kwetu hakuna anayepanda ngazi na viatu. Unavivua chini mlangoni, na ukirudi kutoka Darajani na mikoba yako, huulizi nani yupo nyumbani, unatazama kizingiti. Viatu vya mtu vipo, mwenyewe yupo. Makubadhi ya dada ungeyatambua kati ya mia. Ukanda mmoja ulikatika akaushona mwenyewe kwa uzi wa kijani, kwa kuwa wa kahawia ulimwishia, nasi tulimcheka mwaka mzima. Alikuwa akijibu kwamba kijani ndiyo fasheni mpya, sisi washamba hatujui.

Siku moja mwalimu wa chekechea, ambaye alikuwa akipita kichochoroni kwetu kila asubuhi, alinikuta barazani na twiga wangu.

"Nnataka unichoree kitabu cha hasira," alinambia.

"Hasira zangu au zako?"

"Za watoto. Nnao wanaopiga wenzao, nnao wanaojikojolea, nnaye mmoja hafungui mdomo tangu baba yake ahame. Nkiwauliza mna nini, wananambia hatuna kitu. Hawana la kunambia kwa sababu hawajui linaitwaje."

Nilipanda juu nikamwambia dada kwamba nimepewa kazi nisiyoijua, kwani mtu anachoraje hasira? Dada alicheka mpaka akashika ukuta. "Weye hujui hasira? Weye ulomrushia mwiko muuza samaki?" Basi tukakaa sakafuni, mtoto katikati yetu, na dada akanichorea mtoto wa kiume aliyetupa kisogo, ngumi zimekazwa, vidole vya miguu vimeng'ang'ania jamvi. Nikaijua ile hasira mara moja, ilikuwa yangu. Mimi nikaandika maneno machache chini yake. Kurasa nane, karatasi za kawaida, fotokopi ya nyeusi na nyeupe, tumezibana kwa stepla.

Siku mwalimu alipowasomea, tulikwenda kuchungulia dirishani. Watoto wote walisimama wakatugeuzia visogo, kila mmoja akionesha hasira yake ilivyo. Mmoja alipandisha mabega mpaka masikioni. Yule asiyefungua mdomo alipiga mguu chini mara moja, akatazama kama kuna atakayemgombeza, akapiga tena. Dada alinishika mkono pale dirishani akaubana. Tulirudi nyumbani tukinunua mahindi ya kuchoma na kupanga vitabu kumi: cha woga, cha wivu, cha aibu, cha furaha inayozidi.

Hatukufanya hata cha pili. Masika yaliyofuata dada aliugua siku tatu hospitali, ya nne tukamzika.

Mtoto alikuwa na miaka sita. Kabla ya maiti kuletwa nyumbani alishapelekwa Matemwe kwa shangazi yake, dada wa baba yake. Ndivyo tufanyavyo, mauti yakiingia nyumba watoto hutolewa. Alikaa huko mpaka matanga yalipokwisha, akicheza ufukweni na binamu zake wakati shangazi anaanika mwani. Aliporudi, ngozi imekauka kwa chumvi, kitu cha kwanza alichouliza ni mama yake yuko wapi.

"Mama yako kasafiri," mama yangu alimjibu.

Baba yake alitazama sakafu. Mimi nilitazama kucha zangu. Sitajisingizia leo kwamba nilikuwa na hekima fulani. Niliogopa.

Lazima nimtendee haki mama. Yeye alifiwa na baba yake akiwa na miaka mitano, na watu wazima wakaona ni vyema apelekwe kuiaga maiti. Mpaka uzee wake hawezi kunusa udi bila kutoka nje. Aliapa mtoto wa kwake hatapitishwa njia ile. Hakuwa akidanganya kwa ubaya. Alikuwa akiuziba mlango uliomuumiza yeye.

Mtoto hakuuliza tena. Alikula, alioga, alikwenda chekechea asubuhi na chuoni kusoma Kurani mchana, na akiitwa aliitika "Naam" kwa sauti ndogo. Zaidi ya hapo alinyamaza. Hakulia hata mara moja. Majirani walisifu: mashaallah, mtoto mvumilivu. Mwalimu wake, yule wa kitabu cha hasira, hakusifu. Alinisimamisha kichochoroni akanambia, "Mtoto wenu keshakuwa kama yule wangu asofungua mdomo. Mchoree."

Nilichora kwa wiki tatu. Nilichora peke yangu, na kwa kila mstari nilihisi mkono wa dada ukinisahihisha. Kilikuwa kitabu cha kumkosa mtu. Mtoto wa kike, kisogo chake tu: dirishani, mezani mbele ya bakuli la uji, kitandani amejikunja. Mabega niliyashusha. Maneno yangu yalikuwa laini kabisa. Niliandika kwamba huzuni ni mgeni, kwamba huja bila hodi, kwamba mpe kigoda akae. Kila kitu nilikiandika isipokuwa neno moja, nililolizunguka ukurasa baada ya ukurasa kama mtu anayekwepa dimbwi.

Ukurasa wa mwisho ulinishinda. Nilitaka kusema kwamba anayependwa haondoki kabisa, kuna kinachobaki. Nikayatoa makubadhi ya dada uvunguni mwangu, nilikoyaficha baada ya mazishi, nikayachora yamekaa kizingitini petu, ule uzi wa kijani nikautia rangi peke yake katika kitabu kizima. Nilijitazama nikajiona nimefika. Wallahi nililia kwa kujipenda.

Nilimpa siku ya Ijumaa, alasiri, tumekaa kwenye mkeka. Alifunua polepole. Alipofika kwenye mabega akayagusa kwa kidole akasema, "Ana huzuni." Lilikuwa neno la kwanza asiloulizwa tangu arudi Matemwe. Akafunua tena. Akafika mwisho. Kidole chake kikaenda kwenye ule uzi wa kijani, kikatulia hapo.

Kisha akaruka. Nilisikia miguu yake ikishuka ngazi mbio, halafu kimya, halafu ikipanda. Aliingia chumba cha mama, akatoka. Akaenda jikoni, akauvuta mlango na kuchungulia nyuma yake. Akafungua kabati la nguo.

"Mamdogo, kaingia wapi?"

"Nani, mwanangu?"

"Mama. Viatu vyake vipo." Alinionesha kitabu kana kwamba mimi ndiye nisiyejua kusoma. "Viatu vipo, basi yupo."

Mtu mwingine yeyote, wa nchi nyingine, angeona viatu vya kumbukumbu. Mtoto wa nyumba yetu, aliyefunzwa na sisi wenyewe kutazama chini kabla ya kuuliza, alisoma nilichokichora hasa: mama karudi, yumo ndani, mtafute. Na mimi niliyezaliwa katika nyumba hiyo hiyo sikuliona hilo kwa wiki tatu nzima, kwa kujipenda.

Alishuka tena. Nilimfuata. Nilimkuta amechutama kizingitini, anaisogeza jozi yangu karibu na ya mama yangu, na ya kwake juu ya zetu, ili pabaki nafasi.

Nilipanda jikoni. Mama alikuwa akichambua mchele kwenye ungo, na kwa uso wangu alijua.

"Nakwenda kumwambia," nilisema.

"Mtoto haambiwi mauti. Atakua, atajua mwenyewe."

"Mama, anamtafuta kabatini."

Mkono wake ulisimama ndani ya mchele. Nilimrushia maneno mengi, mengine makali ambayo mtoto hapaswi kumwambia mzazi wake, na nilikwisha kumwomba radhi kwayo. Nilimwambia tumemfanya mtoto mlinzi wa mlango. Nilimwambia mimi ni muongo mkubwa kuliko yeye, kwa kuwa nimeuchora uongo na kuutia rangi. Hakunijibu kwa ukali. Alisema tu, "Ukimwambia, mshike. Mie hakunishika mtu."

Nilikwenda kukaa kizingitini, kando ya mtoto. Nilikuwa mwandishi wa vitabu vya hisia, nina daftari zima la maneno laini, na yote yalinikimbia. Nilimweka mapajani.

"Mama hakusafiri," nilimwambia. "Tulikwambia uongo. Mama aliugua, akafa."

Mpita njia mmoja na baiskeli yake alitusalimia. Nikamwitikia. Akapita.

"Kufa kama paka wa muuza samaki?"

"Ehe. Hivyo."

"Harudi?"

"Harudi."

"Hata Sikukuu?"

"Hata Sikukuu, mwanangu."

Nilimshika kama mama alivyoniagiza, nikimngojea aanguke. Hakuanguka. Aliuliza kitu ambacho sikukitayarishia jibu.

"Alitaka kwenda?"

"Hakutaka. Hata kidogo hakutaka."

Akashusha pumzi ndefu, pumzi ya mtu mzima anayetua mzigo. "Mie nlidhani kanikasirikia," alisema. "Siku ile nlikataa kusukwa. Nkamwambia simtaki. Nlidhani ndo mana kaenda zake hajaniaga."

Miezi minne. Kwa miezi minne tulikuwa tukimkinga na kifo, na yeye, bila kumwambia mtu, alikuwa akiishi na jambo baya kuliko kifo, kwamba mama yake yu mzima mahali fulani na hamtaki. Mauti hayana lawama. Safari ina lawama. Anayesafiri bila kuaga ameamua. Hilo hatukulifikiri, sisi watu wazima watatu na akili zetu. Niliona aibu ambayo mpaka leo siijui namna ya kuichora.

Nyuma yetu ngazi zililia. Mama yangu alikuwa amesimama juu akisikia yote. Alishuka kwa kukaa, ngazi moja baada ya nyingine kwa ajili ya magoti yake, mpaka akafika nyuma ya mjukuu wake.

"Hakukukasirikia," alisema. "Kule hospitali kila akifumbua macho akikuulizia weye. Siku zote tatu. Neno lake la mwisho lilikuwa lako. Aliuliza, mwanangu keshakula?"

Nilimgeukia mama. Nilikuwepo dada alipolisema neno hilo, na kwa miezi minne tulilifungia, kwa sababu aliyesafiri hana neno la mwisho. Lilikuwa la mtoto, na sisi tulilikalia.

Mtoto aligeuka kumtazama bibi yake. "Mkamjibu nini?"

"Tukamjibu, keshakula."

"Nlikula," mtoto alisema. "Nlikula wali na samaki. Nlimaliza."

Kisha akalia, kwa sauti, mpaka madirisha ya kichochoro yakafunguliwa moja baada ya jingine, na hakuna hata mmoja wetu aliyemwambia anyamaze.